PDF za poligoni zinazorushwa kwenye magrupu zinawaharibu watoto. Sharti limefutwa, kanuni imebaki

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mitihani ikikaribia zinaanza kuzunguka PDF za jiometri ya poligoni, yaani maumbo bapa yaliyofungwa kwa pande zilizonyooka, na kila mwaka makosa ni yaleyale. Anayeziandaa anachukua kanuni ya poligoni sawa, yaani ile yenye pande zote sawa NA pembe zote sawa, analifuta hilo sharti, halafu anaibandika kanuni kwenye kila umbo lenye kona. Mtoto anakariri, anakatwa maksi yeye.

Angalieni swali la aina hii: pembe ya ndani ya poligoni sawa ni nyuzi 130, tafuta idadi ya pande. Jibu lililoandikwa: 7. Saba ya wapi? Pembe ya nje ni 180 − 130 = 50. Pembe za nje jumla yake ni 360, na 360 ÷ 50 = 7.2. Poligoni ya pande saba na kipande haipo duniani. Pembesaba sawa ina pembe ya ndani ya nyuzi 128 na 4/7, pembenane sawa ina 135, na kati ya hizo mbili hakuna kitu. Mtunzi kaokota namba kichwani, kakutana na desimali, kaikata, kasonga mbele. Ukitaka nyuzi kamili chagua pembe ya nje inayogawa 360 bila baki: 60, 45, 40, 36, 30, 24, 20. Dakika moja tu hiyo.

Halafu (n − 2) × 180, n ikiwa idadi ya pande. Hii ni jumla ya pembe za ndani za poligoni yoyote ambayo pande zake hazikatani, hata iliyobonyea, yaani yenye kona inayoingia ndani. Lakini KUIGAWA KWA n ni kwa poligoni sawa peke yake. Chukua umbo la pande nne, kila upande sm 5, pembe 60, 120, 60, 120. Pande sawa, jumla 360, gawa kwa 4 unapata 90, pembe ambayo haimo popote kwenye umbo hilo.

Na ile −2 hakuna anayeieleza. Kwenye umbo lisilobonyea, simama kwenye kona moja, vuta mistari kwenda kona nyingine zote: pembesita inagawanyika kuwa pembetatu 4, hivyo 4 × 180 = 720. Kuna wanaogawa kutoka katikati, wanapata pembetatu 6, wanaandika 1080 na kupiga mstari chini. Zile nyuzi 360 zinazozunguka pointi ya katikati si pembe za pembesita, lazima zitolewe. 1080 − 360 = 720, njia zote mbili zinakubaliana.

Pembe ya nje nayo wanaichora kama 360 kutoa pembe ya ndani. Hapana. Refusha upande mmoja kupita kona. Pembe kati ya huo mrefusho na upande unaofuata ndiyo yenyewe, yaani 180 kutoa ya ndani. Ikiwa kona imebonyea, inatoka hasi na hesabu bado inakaa: pembe za ndani 30, 40, 50 na 240 zinatoa pembe za nje 150, 140, 130 na −60. Jumlisheni wenyewe.

Sasa kinachokera kuliko vyote: "kitovu cha poligoni". Kipi? Poligoni sawa ina kimoja, pointi ileile iko mbali sawa na kona zote na mbali sawa na pande zote. Umbo la kawaida halina bahati hiyo. Pembetatu ya 3, 4, 5, weka kona kwenye (0, 0), (4, 0) na (0, 3). Duara linalopita kona zote tatu kitovu chake ni (2, 1.5), katikati kabisa ya upande wa 5, nusu kipenyo 2.5. Duara linalogusa pande zote kwa ndani kitovu chake ni (1, 1), nusu kipenyo 1. Ukikata kadibodi ya umbo hilo, itatulia juu ya ncha ya kalamu kwenye (4/3, 1). Pointi tatu tofauti, na swali linasema tu "tafuta kitovu". Pembetatu ikiwa na pembe inayozidi 90, kile cha kwanza kinatoka nje ya umbo kabisa.

Tena kupata pointi ya kadibodi kwa kutafuta wastani wa kona kunafanya kazi kwenye pembetatu, basi wanaibeba njia hiyo hadi kwenye trapeza, umbo la pande nne ambalo pande mbili ni sambamba. Trapeza yenye chini 6, juu 2, kimo 3: wastani wa kona unakupa kimo 1.5, ila inatulia kwenye 1.25, kwa sababu sehemu ya chini ina eneo kubwa zaidi.

Mpangilio wa vipeo (herufi za kona) sitausemea sana. ABCD maana yake unazunguka umbo kwa mfuatano huo. Kwenye umbo lisilobonyea, ukiandika ACBD umechora kitu kinachojikata. Pembe ABC iko kwenye B.

Mafundi nao wanaumizwa na notsi hizihizi. Banda la pembenane "upana mita 3" halijaeleweka: kona hadi kona inayoikabili, au upande hadi upande unaoukabili? Kona hadi kona ikiwa mita 3, upande mmoja ni 3 × sin 22.5, kama mita 1.15, na upande hadi upande ni mita 2.77 tu. Sentimita 23 zimepotea, bati umeshakata. Na kwenye msumeno wa kukatia ncha za mbao usiweke 67.5 eti kwa sababu ni nusu ya 135. Sifuri ya mashine ni mkato wa mraba, unaweka 180 ÷ 8 = 22.5. Viungo ni 8, mikato 16. Kila mkato ukipungua nusu nyuzi, kiungo cha mwisho kinabaki wazi kwa nyuzi 8.

Mwenye PDF inayotaja sharti kabla ya kanuni aishushe hapa chini.