Ndege weupe wenye mgongo mweusi wa Hori ya Mida: huzalia wapi?

Swali
Katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, maji yanapokupwa huonekana kundi la ndege weupe wenye miguu mirefu, mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, wakifukuza kaa topeni. Wakati wa kaskazi huwa wengi, lakini kusi ikishashika hubaki wachache, tena wa kijivujivu. Wavuvi wetu hawajapata kuona kiota chao wala yai. Je, ni ndege gani, na huzalia wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, huyo ni mla kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola, na katika familia yake hana mwenziwe. Wavuvi hao wamesema kweli, kwa kuwa ndege huyu hazalii Kenya. Kati ya Aprili na Agosti huwa katika visiwa na fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu, Somalia, Oman na Ghuba, kisha hurejea kusini kando ya pwani yetu hadi Tanzania na Madagaska. Hao wa kijivu wanaobaki ni wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa, kwa hiyo hawana haja ya kusafiri.

Jibu la pili
Naongezea habari ya kiota, maana hapo ndipo ndege huyu anapowaacha mbali jamaa zake wa ufukweni. Wengi wao hutaga mayai yenye madoa juu ya ardhi wazi, ili yasitambulikane na mawe na mchanga. Mla kaa huchimba shimo refu mchangani, mamia wakiwa pamoja, na ndani yake jike hutaga yai moja tu, kubwa na jeupe, kwani gizani rangi ya kujificha haina kazi. Joto la mchanga wenyewe husaidia kulihifadhi yai, hata wazazi wakapata nafasi ya kwenda kutafuta kaa. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu kubwa ya kuzifuata fukwe zile kali za Uarabuni wakati ambapo jua limepamba moto. Shida ni kwamba paka au panya wakifika katika kisiwa cha namna hiyo, shimo halimkingi kifaranga.

Muulizaji
Nashukuru. Mbona basi mwezi wa Oktoba huonekana ndege mkubwa kabisa wa kijivu akiombaomba chakula kwa mwenzake mweupe?

Jibu la pili
Huyo ni mtoto wa mwaka huo huo. Kifaranga hulishwa shimoni, na hata akishajua kuruka huandamana na mzazi katika safari ya kusini na kuendelea kulishwa kwa miezi kadhaa. Mtazame maji yakianza kujaa, kundi linapokusanyika penye mchanga mkavu. Hapo utawaona wakiwa wawili wawili, mzazi na mwanawe.