Tupeane uzoefu: mechi gani ilichana mikeka, na hesabu gani ingeiokoa?

Kalamu na Mkeka:
Wakuu, salaam. Ligi zimerudi na mikeka (tiketi za kubeti zinazounganisha mechi kadhaa) ya timu 12 hadi 15 imeanza kuzunguka kwenye magrupu. Tutaje mechi zilizochana mikeka, sababu na kinga. Mimi naanza na odi, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Odi ni bei: dau likishinda huzidishwa kwa namba hiyo. Gawa 1 kwa odi, unapata asilimia unayouziwa. Mwenyeji 2.10, sare 3.30, mgeni 3.50: ni 47.6 + 30.3 + 28.6, jumla 106.5. Hizo 6.5 zilizovuka mia ni fungu la kampuni. Andika makadirio yako kabla hujafungua odi, kwa sababu ukishaiona itakuvuta. Kama umempa mwenyeji 44%, hiyo 2.10 ni ghali hata akishinda. Kama umempa 52%, hapo pana cha kununua.

Kona Fupi:
Mkuu umenikumbusha fainali ya Qatar, 18 Desemba 2022. Argentina 2, Ufaransa 0, dakika zinakwenda. Aliyeweka 1 kwenye 1X2 (1 ni timu iliyotajwa kwanza ishinde, X sare, 2 ile ya pili) anasubiri meseji tu. Dakika ya 80 Mbappé anafunga penalti, ya 81 anafunga tena. Dakika 90 zinaisha 2-2, nyongeza 3-3, Argentina wanabeba kombe kwa matuta 4-2. Watu wanamshangilia Messi huku mkeka una alama nyekundu, na kelele ikawa kwamba kampuni imeiba.

Haikuiba. Soko la 1X2 linaishia dakika 90 pamoja na zile za majeruhi. Dakika 30 za nyongeza hazimo, matuta hayamo. Siku ile aliyekula ni aliyeweka X. Kwenye mechi ya mtoano, kama unaamini timu itapita, tafuta soko la kufuzu au la kubeba kombe. Odi yake ni ndogo kwa sababu inalipa hata ushindi ukija kwa matuta. Na marudiano ndiyo mabaya zaidi: timu iliyotangulia kwa mabao mawili haihitaji kushinda, inahitaji kulinda. Ukiiwekea 1 unaiombea kitu ambacho kocha wake hakitafuti.

Bi Hesabu:
Umenena. Kanuni za soko hazisomwi kabisa.

Wa Temeke:
Ongezeni na mechi zinazoahirishwa. Dabi ya Kariakoo (Simba na Yanga) ya 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ile ile, ikaja kuchezwa 25 Juni, Yanga 2-0. Mechi isipochezwa ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni, kampuni nyingi huifuta na odi yake inakuwa 1.00. Mkeka wako haujafa. Kama jumla ilikuwa odi 9 na dabi ilikuwa 1.80, sasa una odi 5. Muda wenyewe hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, usome kabla ya kuweka.

Pwani Moja:
Mnajichosha na asilimia. Kenya mwaka 2017 mtu alipatia mechi zote 17 za jakpoti, akavuna zaidi ya shilingi milioni 220 za Kenya. Mkeka mrefu unalipa!

Shabiki wa Jioni:
Milioni 220!! Tuwekeeni mechi 17 za wiki hii.

Ukwaju:
Na mimi nasubiri hizo 17.

Bi Hesabu:
Tulieni. Mechi 17 zenye matokeo matatu zina michanganyiko 129,140,163. Hata ukiwa makini kiasi cha kupatia nusu ya mechi zako, nafasi ni 1 kati ya 131,072. Mshindi mmoja anatangazwa, tiketi zilizochanika hazitangazwi.

Pwani Moja:
Basi acha jakpoti. Vigogo kumi wa odi 1.30, wote nyumbani. Hao nao wanashindwa?

Bi Hesabu:
Kaka, tupige hesabu. 1.30 mara kumi inafika 13.79. Kwa bei unaonunua 76.9% kila mechi, lakini toa fungu la kampuni, tuseme 6%, kwa kugawa kwa 1.06, inabaki kama 72.6%. Zidisha mara kumi: 4.05%. Dau la 1,000 linalipa 13,790, ila thamani yake halisi ni kama 558. Umeshapoteza 44% kabla refa hajapuliza. Mechi moja ilikutoza fungu dogo, kumi zimelizidisha.

Pwani Moja:
Mechi moja ya 1.30 utakula lini?

Kona Fupi:
Usile 1.30 kabisa kama bei yake si ya haki.

Wa Temeke:
Mimi natetea mikeka ya timu mbili. Zikiwa zote mbili zina thamani, yaani makadirio yako yanazidi asilimia unayouziwa, kuunganisha kunaikuza. Zisipokuwa nayo, unakuza hasara.

Ukwaju:
Na ile 1X (mwenyeji ashinde au sare) je, si kinga?

Kalamu na Mkeka:
Ni kinga, ila angalia bei. Kwa odi nilizotaja mwanzoni, gawa 1,000: weka 611 kwa mwenyeji na 389 kwa sare. Mojawapo ikitokea unapata kama 1,283, yaani odi 1.28. Kampuni ikikuuzia 1X kwa 1.22, igawe mwenyewe.

Shabiki wa Jioni:
Wekeni mapema, odi bado tamu.

Kona Fupi:
Hapana, subiri vikosi, vinatoka kama saa moja kabla. Mshambuliaji tegemeo akiwa benchi, makadirio yako yote yamekufa.

Shabiki wa Jioni:
Na bei nayo itakuwa imeshakimbia, mkuu.

Ukwaju:
Kuna kijana Telegram amepatia mechi tatu mfululizo za kupangwa (eti matokeo yameshanunuliwa), anauza ya nne.

Bi Hesabu:
Usimlipe! Anachukua watu 270: 90 anawapa 1, 90 X, 90 2. Waliopatia anawagawa tena 30, kisha 10. Hao kumi wameona miujiza mitatu, ndio wanaouziwa ya nne.

Wa Temeke:
Dau nalo? Mimi nasema 1% ya mtaji, isiyoongezwa ukipoteza. Ada ya shule na kodi ya nyumba si mtaji.

Kalamu na Mkeka:
Kanuni ya Kelly ya kupima dau: zidisha makadirio yako kwa odi, toa 1, gawa kwa odi pungufu 1. Makadirio 0.50 kwa 2.10 ni 0.05 ÷ 1.10, yaani 4.5% ya mtaji. Tumia robo yake, kama 1.1%, kwa kuwa makadirio huwa yanazidishwa. Jibu likitoka hasi, mechi hiyo haiwekwi.