Nduthi nimeiwekea LED, sasa taa inapepesa na magari yananiwashia fuli. Nimekosea wapi?

nduthi_ya_kamulu
Wasee habari za jioni. Niko na 150 ya kawaida ile ya boda, na kila siku narudi Kamulu na Kangundo Road kitu saa nne usiku. Balbu iliyokuja nayo ni ile ya wati 35, mwanga wa njano wa kibatari, na kuna matuta huko mbele hayana rangi hata kidogo, mwezi uliopita nilipanda moja nimebeba mkate na pakiti mbili za maziwa, mkate ulifika maziwa hayakufika. Nikasema imetosha, nikashuka Grogan kule kwa spea nikachukua LED ya soo nane, jamaa akaniambia ni kutoa hii na kuingiza hii basi. Kuingia iliingia. Lakini nikisimama na ingini inanguruma tu, taa inapepesa kama ya disko, nikivuta mafuta inatulia. Halafu kila gari linalokuja mbele linaniwashia fuli na mimi niko dimu! Na kwa vile nilikuwa nishashika spana nikabadilisha na indiketa zote nne, sasa zinapiga tik tik tik tik kama kuna mtu anazikimbiza. Nirudishe balbu ya zamani ama kuna dawa?

kobe_wa_jogoo_road
Pole kwa maziwa. Mimi nakaa hapa nisome majibu, yangu pia inapepesa.

waya_tatu
Mkuu, jamaa wa duka hakukudanganya sana, alikuambia nusu tu. Fanya hivi kwanza: washa funguo bila kupiga ingini, halafu weka taa. Isipowaka, ujue karibu hakika taa yako ya mbele haitoi umeme kwa betri, inakula moja kwa moja kwa koili ya ingini, na umeme wa koili ni AC, ule wa kwenda na kurudi. Balbu ya waya haijali, yenyewe inataka kupashwa moto tu. LED inapitisha umeme upande mmoja, kwa hivyo kila umeme ukigeuka inazima. Ingini ikienda polepole unaona kule kuzima, ukivuta mafuta inakuwa mbio jicho linashindwa kuhesabu, ndio unasema imetulia. Haijatulia. Kama uko na mita ipime kwa soketi ya taa upande wa AC ingini ikiwaka, utajua.

Dawa ni mbili. Kuna LED zilizoandikwa AC/DC (DC ni umeme wa betri, wa kwenda upande mmoja tu), ndani ziko na dayodi nne za kunyoosha umeme, hizo unaweka na unaendelea na maisha. Ama ulete laini ya betri: ule waya wa kutoka koili unaoingia kwa swichi ya taa ukate, mwisho wake ufunge tepu vizuri usiguse bodi, mahali pake lete waya wa DC unaotoka swichi ya funguo, pitisha fiuzi ya ampia 5. Usichukue kwa betri moja kwa moja tafadhali, utasahau taa usiku mmoja na asubuhi ni kusukuma. LED ya wati 12 inakula kama ampia moja, ile ya wati 35 ilikuwa inakula karibu tatu, kwa hivyo swichi haitaumia. Ukimaliza pima betri ukiwa umevuta mafuta kidogo, ikiwa kati ya volti 13.5 na 14.5 uko sawa, ikibaki 12 na kitu betri haipati chaji na hiyo LED itaimaliza pole pole.

Indiketa ni flasha, kile kidude kinachozifanya ziwake na kuzima. Ile yako inategemea mzigo wa balbu za wati 10, ikikosa mzigo inadhani balbu imeungua, inakimbia. Nunua flasha ya LED. Kuna fundi atataka kukuwekea resista za kuongeza mzigo, usikubali, zile zinachemka mpaka zinayeyusha plastiki, na faida ya LED yote inaishia kwa kuchemsha chuma.

dada_wa_delivari
Hakuna aliyemjibu hiyo ya magari kumwashia fuli na kwangu hiyo ndiyo kubwa. Hedilaiti yako ilichongwa ikitegemea ule uzi wa balbu umekaa mahali fulani, na kwa balbu ya orijino uzi wa dimu uko na kikombe kidogo cha bati chini yake, kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya kile kioo cha ndani cha kurudisha mwanga ukaruka juu. LED nyingi za bei ya chini hazina hicho kikombe, ama vidude vya mwanga vimekaa mbele sana, ndio dimu yako inaenda machoni mwa dereva wa lori. Mimi kabla sijatoa ya zamani nilisimama mita tano kutoka ukuta wa ploti, nikachora na chaki mwisho wa mwanga wa dimu, caretaker akaniuliza kama napima kiwanja. Kisha nikaweka LED nikaizungusha mpaka vidude vikaangalia kushoto na kulia, si juu na chini, nikalegeza nati za hedilaiti nikainamisha mpaka ikarudi kwa chaki. Isiporudi kwa chaki hiyo balbu tupa, hata iwe inawaka namna gani.

Na rangi pia angalia. Ile nyeupe ya bluu bluu ya 6000K Nairobi kukiwa kukavu ni tamu, siku niliyopeleka oda Limuru na ukungu niliona ukuta mweupe tu mbele yangu, nikafuata taa za nyuma za probox mpaka nikafika. Sasa natumia ya 4300K, ile inaelekea njano kidogo.

nduthi_ya_kamulu
Asanteni sana. Nimejaribu ya funguo, taa haikuwaka, kwa hivyo ni AC. Jumamosi nimeleta laini ya DC na fiuzi, nimechora chaki, nikainamisha. Jana sijawashiwa fuli hata mara moja, na tuta nimeliona likiwa mbali. Flasha pia nimeweka, sasa zinapiga polepole. Lakini nikiweka indiketa ya kushoto zinawaka zote nne jamani?!

waya_tatu
Hahaa nilisahau hiyo. Ni kale ka-taa kadogo ka indiketa ka dashibodi, kako kamoja na kameshikana na laini ya kushoto na ya kulia, umeme unapitia hapo kwenda upande wa pili na LED hazihitaji mwingi kuwaka. Nunua dayodi 1N4007 mbili, moja itoke kushoto moja kulia, zile ncha zenye mstari mweupe ziungane ziingie kwa hako ka-taa, mguu mwingine wa ka-taa upeleke bodi.

nduthi_ya_kamulu
Kule Luthuli kwa maduka ya elektroniki hizo dayodi wanauza ngapi?

waya_tatu
Ni pesa ya peremende. Lakini nunua nne, mbili zitakuangukia kwa nyasi.