Kuediti harusi: laptop mpya yenye NPU au used yenye kadi ya grafiki?

mpiga_harusi: Wakuu habari za jioni. Kamera yangu inarekodi HEVC 4:2:2 biti 10, yaani video iliyobanwa sana ila yenye rangi nyingi, sasa nikiiweka kwenye mashine niliyonayo picha inaganda sauti inaenda peke yake, MC ameshamkaribisha bibi harusi kwenye kiti na kwenye kioo bado yuko mlangoni. Nimepata mbili: used ya Core i7 kizazi cha 7 ina kadi ya grafiki GTX 1060, na mpya Core Ultra yenye NPU ila haina kadi ya pembeni. Muuzaji anasema NPU ndo dawa. Kweli?

fundi_bodi: Hapana mkuu, NPU ni ya hesabu za AI, mfano kuficha mandhari ya nyuma ukiwa kwenye video call. Kufungua video ni kitengo kingine kabisa humo humo kwenye chipu, kwa Intel kinaitwa Quick Sync, kipo tangu Sandy Bridge ya 2011. Ila usikimbilie ile used! Kizazi cha 7 hakifungui HEVC 4:2:2, na GTX 1060 nayo haifungui, NVIDIA wenye kadi hiyo uwezo huo wameuweka kwenye kadi za RTX 50 za 2025, kwa hiyo mzigo wote unaangukia CPU na utaganda vile vile. Kwa Intel tafuta kizazi cha 11 kwenda juu, Core Ultra ikiwemo.

mzee_wa_486: Haya mambo tumeyaona zamani. Bodi za kompyuta za zamani zenye chipu ya Intel 386 zilikuwa na tundu tupu la kuchomeka 387, chipu ya hesabu za desimali, unainunua kivyake. 486DX ya 1989 ikaja nayo ndani. Alafu 1991 wakaleta 486SX isiyo na hicho kitengo, ukitaka unanunua 487, na ile 487 kumbe ni 486DX kamili, ukiichomeka inaizima ya kwanza inafanya kazi yote yenyewe! Kwa hiyo mdogo wangu usinunue jina, uliza programu yako inatumia kitengo gani. Na kilichoingia ndani hukibadilishi, Core Ultra 200V hata RAM imefungwa pamoja na chipu, ni GB 16 au 32 basi, huongezi, na grafiki inachota humo humo.

dada_kalaa: Naongezea, kwenye kupaka rangi na kuondoa chengachenga za ukumbi wenye giza kadi ya pembeni bado inashinda mbali. Mimi natumia used kizazi cha 12 yenye RTX 3060, Intel inafungua faili, kadi inapaka rangi. Ila hakikisha grafiki ya Intel haijazimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, maana yangu nilinunua imezimwa, wiki nzima nalaumu programu yangu ya kuediti, Premiere, bure.

mpiga_harusi: Asanteni sana aisee, nilikuwa nalipia kesho. Nabeba faili moja la ukumbini kwenye flashi nalifungua pale pale dukani kwanza. Dada RAM yako ngapi?

dada_kalaa: GB 32. Nilianza na 16, harusi ya kamera tatu ikanishinda.