Cheti cha selimundu kabla ya ndoa: kiwe lazima kisheria?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nimerudi juzi kutoka kwenye posa ya mdogo wangu huko Sengerema. Wazee wa upande wa pili walihoji dini, kabila, kama ukoo wetu una kifafa, hadi ukoma wakauulizia. Selimundu hakuna aliyeitaja, na hapo tupo Kanda ya Ziwa, ambako kinasaba chake kimejaa.

Kwa wasioujua: ugonjwa huu hauambukizwi, unarithiwa. Ukipata kinasaba kimoja wewe ni AS, unalima, unacheza mpira, pengine hutajua hadi unazeeka. Ukipata viwili, cha baba na cha mama, ni SS. Chembe nyekundu za damu zikipungukiwa oksijeni zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na ndipo mtoto anapolia mifupa usiku kucha. AS wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Nasisitiza kila mimba, maana kuna wanaodhani akishaugua mmoja watatu wanaofuata wamesalimika. Hapa Tanzania wanazaliwa watoto wapatao 11,000 wa SS kila mwaka.

Hoja yangu: Sheria ya Ndoa ya 1971 tayari inadai nia ya kuoana itangazwe siku 21 kabla ya ndoa. Tangazo hilo liambatanishwe na cheti. Saudi Arabia wanalazimisha kipimo tangu 2004, na majibu yakiwa mabaya hakuna anayezuiwa kuoa. Mwaka wa kwanza wachumba walioambiwa wana hatari waliachana kama mmoja kwa kumi. Kufikia 2009 ilikuwa zaidi kidogo ya nusu. Nipingeni kwa hoja.

Mtu wa maabara
Mkuu, cheti cha kipimo gani? Vituo vingi vina kile cha tone la damu kwenye kioo: unaweka dawa ya kuondoa oksijeni, unasubiri chembe zijikunje. Kinakwambia "chanya", basi. AS chanya, SS chanya. Nimeshuhudia binti akilia kwenye benchi na karatasi mkononi, kumbe AS, mzima kuliko mimi. Kuzitofautisha kunataka kipimo cha kutenganisha hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, na hicho utakikuta zaidi hospitali kubwa. Ukipitisha sheria kesho utavunja ndoa za watu kwa karatasi isiyojitosheleza.

Mama wa wawili
Nawasoma nikiwa wodini na mwanangu wa miaka tisa, SS. Anajua kusoma. Kila mkiandika "tuzuie", anajiona yeye ndiye mlitaka azuiwe.

Alipoanza kuvimba vidole akiwa na miezi minane, shangazi wa mume wangu alisema uchawi umetoka kwetu. Kumbe nusu ilitoka kwao! Tuliandikiwa malaria, upungufu wa damu, malaria tena, mwaka mzima. Hela za vyeti vya harusi pimieni watoto wanapozaliwa, wapate penisilini mapema, maana wengi wanafariki kabla ya miaka mitano na ugonjwa wao haukuwahi kutajwa. Wangu tangu aanze haidroksiyurea hii ni mara ya kwanza kulazwa mwaka huu. Zamani tulikuwa tunajuana na walinzi wa getini. Kuipata dawa yenyewe sasa, hiyo ndiyo kazi.

Kijana wa Temeke
Siku 21? Kadi zimesambaa, mpishi kalipwa nusu, kamati imeshakula michango. Nani atasimama kuahirisha? Mimi siwezi, nasema ukweli.

Mwalimu mstaafu
Mmesahau ndoa zenyewe ni wachache wanaozitangaza. Watoto wangapi hapa mtaani wamezaliwa na watu "wanaoishi pamoja" tu? Hao cheti kitawakuta wapi?

Na tuache kuiita AS kasoro. Mwaka 1949 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu huko. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye AS walikuwa wengi, nyanda za juu wachache. Akafuatilia, na 1954 akachapisha kwamba AS inamkinga mtu dhidi ya malaria kali. Mbu wako wapi, kinasaba kiko hapo. Babu zenu walibaki hai kwa sababu yake, leo mnataka kukipigia muhuri mwekundu.

Mleta mada
Kijana wa Temeke umenimaliza. Siku 21 naziondoa. Wapimwe wakiwa sekondari, kabla moyo haujaenda popote, na kwa kipimo kinachotofautisha. Ulazima siuachi, ila usiwe mlangoni kwa mshenga. Mama wa wawili, samahani kwa lugha yangu. Watoto kupimwa wakizaliwa hakupingani na hili, ingawa bajeti ikiwa moja nakubali wao watangulie.

Sasa nisaidieni. Mdogo wangu amepima leo asubuhi kituo cha afya. Ana miaka 27. Karatasi inasema "chanya" tu, na mama hajala tangu saa nne.

Mtu wa maabara
Amewahi kuongezewa damu? Kulazwa kwa maumivu?

Mleta mada
Hata Panadol hamezi.

Mtu wa maabara
Basi karibu hakika ni AS. Mwambie mama ale. Aende Bugando, ile hospitali kubwa ya Mwanza, wamtenganishie, na asiende peke yake. Anayesubiriwa sasa ni mchumba.