Naomba ushauri: najifunza rangi za mafuta kwa kunakili Constable, nipo Kigoma

Mvuvi_wa_Rangi: Wakuu, habari za jioni. Nimechora kwa penseli na rangi za maji muda mrefu, sasa nahamia rangi za mafuta. Nataka mandhari: ziwa letu, mitumbwi ya Kibirizi, milima ya Kongo inavyojitokeza ng'ambo mvua ikishatuliza vumbi. Mwalimu sijapata, kwa hiyo nanakili "The Hay Wain" ya mchoraji Mwingereza John Constable (1821), ile yenye mkokoteni ndani ya mto. Naitazama kwenye simu.

Shida yangu ni kijani. Changu chote kinafanana, kama rangi ya geti. Halafu kuna jamaa anasema kunakili ni wizi na kutaniua mkono. Mnasemaje?

FundiBrashi: Karibu mkuu. Huyo jamaa mwambie atulie. Constable mwenyewe alinakili kazi za Claude Lorrain, mchoraji mandhari aliyemtangulia, na amefariki tangu 1837, hakuna hakimiliki ya kuvunja. Wewe andika tu nyuma ya kanvasi kwamba ni nakala.

Kijani cha kwenye tyubu kiweke kando kwanza. Changanya nyeusi na njano, utashangaa: inatoka kijani cha zeituni, kizuri mno kwa vivuli vya miti. Penye jua, njano na bluu, na tone la kahawia kupunguza makali. Kisha tazama matandiko ya farasi wake, ametia wekundu. Ule wekundu kidogo ndio unaoyaamsha majani yote yaliyouzunguka. Ukiuacha, picha inalala.

Mama_Turubai: Mdogo wangu, mimi nipo Tabora. Usianze na rangi kabisa. Kabla ya kuikamilisha picha ile, Constable alitengeneza rasimu ya mafuta ya ukubwa uleule, zaidi ya mita moja na nusu kwa upana. Rasimu ipo Victoria and Albert Museum, picha yenyewe ipo National Gallery, zote London, na zote zinaonekana mtandaoni. Ziweke pamoja. Kwenye rasimu utaona mafungu tu ya giza na mwanga. Nakili hiyo kwanza, kwa kahawia na nyeupe, kwenye kipande kidogo, huku umefumba macho nusu. Giza na mwanga vikikaa sawa, hata kijani kibaya kitavumilika.

Mvuvi_wa_Rangi: Asante sana dada. Na safu za juu natumia thina ipi? Dukani wana ya magari.

FundiBrashi: Hiyo ya magari hapana! Tafuta tapentaini. Safu ya kwanza iwe nyembamba, yenye tapentaini. Za juu ziongezewe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza, ya juu inakauka kabla ya iliyo chini na picha inapasuka. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike kwenye kona, vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Mama_Turubai: Jambo moja zaidi. Mwaka 1821 na 1822 Constable alichora picha nyingi za mawingu matupu kule Hampstead, London, na nyuma ya nyingi ya kazi hizo aliandika tarehe, saa na upepo. Siku za kunakili zichanganye na siku za Kibirizi kwa mtindo huohuo: karatasi ndogo, anga tu. Milima ya Kongo ipake mwishoni, kwa rangi iliyofifia na yenye bluu zaidi ya unavyodhani.

Mvuvi_wa_Rangi: Sawa dada. Jumamosi naanza rasimu ya kahawia, nitaweka picha hapa mnikosoe.