Watoto wanafika saa sita, wazazi wanakuja jioni: tuwalaze vipi kwa usalama?

Mlezi_Segerea: Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kuhusu kituo cha kulea watoto baada ya shule hapa Dar. Watoto 18: wa awali 11 (miaka 4 hadi 6) wanafika saa sita na nusu, wa darasa la kwanza na la pili 7 wanafika saa nane. Wanachukuliwa kati ya saa kumi na moja na saa moja usiku. Kuna pia mdogo wake mmoja wao, miezi 8. Chumba cha kulala ni mita 6 kwa 5, mlango mmoja, madirisha mawili ya nondo, feni ya dari. Magodoro ni futi 2 kwa 4, inchi 3. Walezi tuko wawili. Wote 18 wanatosha humo? Mzazi mmoja analalamika mwanawe akilala mchana usiku anakesha. Mwingine ameleta dawa ya mafua tumpe wa kwake "atulie".

NesiWaWatoto: Nianze na hiyo dawa: irudishe leo. Usingizi wa Piriton na dawa nyingi za mafua ni athari tu, wala si kazi yake. Kipimo kikizidi, mtoto analala mzito mpaka pumzi inapungua, na wapo ambao badala ya kutulia wanachachamaa. Kituoni iingie dawa ya daktari tu, yenye jina la mtoto, kipimo na saa, na anayeitoa aandike kwenye daftari.

Wa miezi 8 alale chali, peke yake, kwenye kitanda chake chenye godoro gumu lisiloacha mwanya pembeni. Asiwekewe mto, mdoli wala khanga ya kumfunika uso. Akijigeuza mwenyewe akalala kifudifudi, mwache, lakini kila ukimlaza anza na chali. Usimlaze kwenye kochi, wala godoro moja na dada yake, maana mkono wa mtoto wa miaka mitano unatosha kumziba pua. Na chupa ya maziwa isiegeshwe kwenye mto, atapaliwa.

FundiVipimo: Tupige hesabu ya chumba. Kati ya godoro na godoro, ubavu kwa ubavu, acha futi 3, yaani sentimita 90 hivi. Kwenye ukuta wa mita 6, magodoro 4 yanakula mita 2.4, nafasi tatu kati yake mita 2.7, jumla 5.1. Sentimita 90 zinazobaki ndiyo njia ya kwenda mlangoni. Upande wa mita 5, mistari mitatu ni mita 3.6, na 1.4 iliyobaki inagawanyika sentimita 70 na 70 kati ya mistari. Kwa hiyo chumba ni cha watoto 12.

Ukibana hadi sentimita 45 wanaingia 15, ila kikohozi cha mmoja kinakuwa cha wote, na mlezi atawaruka watoto kumfikia anayetapika. Walaze kichwa kwa miguu: huyu kichwa ukutani, jirani yake miguu ukutani.

Mwl_Awali: Hesabu hiyo imekukalia vizuri. Wa awali 11 na kitanda cha mdogo ndiyo 12. Walale saa saba na robo mpaka saa nane na robo, wakubwa wakifika wenzao wanaamka. Hao wa darasa la kwanza na la pili usiwalazimishe kulala. Wape mkeka na vitabu dakika 20 au 30, atakayesinzia asinzie.

Kuhusu kukesha: mtoto wa miaka 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, wa mchana ukiwemo; kuanzia miaka 6, saa 9 hadi 12. Anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule amepata saa 7 tu. Mchana ukimnyima, jioni ataanguka mwenyewe saa kumi na moja akingoja mzazi aliye kwenye foleni, na huo usingizi wa jioni ndio unaomkesha. Mwambie mzazi hivyo.

Bi_Mkaguzi: Kabla hawajalala, wapitie mmoja mmoja. Tai ya shule, kamba ya kitambulisho, mkufu, pini ya ushungi, hirizi ya shingoni: vyote vivuliwe (hirizi zungumza na mzazi kwanza, usikate). Kisha mwambie afungue mdomo. Ubuyu wa getini ndio mbaya zaidi. Ulimi mwekundu unaona, kokwa iko shavuni huioni. Mwambie ateme, usimwingize kidole bila kuona; kama hakuna kinachoonekana mpe maji.

Pazia lisifunge giza. Mlezi aliyekaa mlangoni aone nyuso zote, na kila dakika 10 azunguke akiangalia vifua vinavyopanda na kushuka na rangi ya midomo. Mtoto mwenye homa asiachwe "alale kidogo", mzazi apigiwe simu.

AfyaMazingira: Jiko la mkaa lisiwe chumbani wala koridoni, na jenereta isingurume chini ya dirisha. Hewa ya sumu inayotoka humo (kaboni monoksidi) haina harufu na aliyelala haamki. Mbu wa dengue anauma mchana, basi weka wavu madirishani na funika ndoo za maji. Dawa ya kupuliza tumia watoto wakiwa nje, pitisha hewa kabla hawajaingia.

Aliyekojoa: jalada la plastiki la godoro lioshwe kwanza kwa sabuni na maji, ndipo jiki. Ukimwaga jiki juu ya mkojo inatoka hewa kali inayochoma macho na koo. Jiki ya asilimia 3.5, mililita 140 kwenye ndoo ya lita 5, iache dakika 10, suuza, anika juani. Shuka ya kila mtoto iwe na alama yake, la sivyo upele utazunguka kituo kizima.

Mlezi_Segerea: Asanteni sana. Sasa, wawili wanatoroka wenzao wakilala. Nifunge mlango kwa ufunguo?

FundiVipimo: Hapana mkuu. Madirisha yana nondo, mlango ndiyo njia pekee moto ukitokea. Funga geti, ufunguo uwe kiunoni kwa mlezi. Mlango wa chumba usiwe na kufuli kabisa, kiti cha mlezi kinatosha.

NesiWaWatoto: Na anayekoroma kila siku mdomo wazi, halafu pumzi inakatika kidogo kisha anashtuka, usimcheke. Huenda ni nyama za pua. Omba ruhusa ya mzazi umrekodi kwa simu dakika mbili, aende nayo kwa daktari wa masikio, pua na koo.